Kiigaji cha Amplifaya: Chombo Kipya Kinatibu Ugonjwa Gani?

Fundi wa Kigogo anapotengeneza ilimba haridhiki na sauti iliyo safi tupu. Akishapanga ndimi za chuma juu ya sanduku la mti, hutoboa tundu katika ubao na kulifunika kwa utando mwembamba wa buibui. Ndimi zinapobonyezwa, utando nao hutetemeka na kuongeza mvumo mkali, kama wa nyuki mzingani. Mgeni aweza kudhani kwamba ala imeharibika. Mwenyeji anajua kwamba sasa ndipo imekamilika.

Katika makala hii tutauchunguza mvumo huo katika chombo kingine kabisa, yaani kiigaji cha amplifaya. Hiki ni kisanduku cha kidijitali kinachopokea umeme mdogo kutoka gitaa, kikaufanyia hesabu, na kutoa sauti inayofanana na ya amplifaya kubwa ya valvu iliyounganishwa na spika yake. Viigaji vimekwisha kupita vizazi kadhaa, na kila kizazi kinapotokea wenye kile cha zamani hujiuliza kama wabadilishe.

Tuchukue mfano. Kwaya ya vijana wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, ina gitaa moja la umeme, spika, na kiigaji cha miaka mingi iliyopita. Mpiga gitaa anaomba kinunuliwe kiigaji cha kizazi kipya. Bei yake ni sawa na ng'ombe kadhaa. Mhazini anauliza: "Hicho kipya kitatuongezea nini?" Swali la mhazini ni la fizikia kabla halijawa la fedha, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kulijibu.

Kwa nini mvumo unapendeza

Uzi wa tano wa gitaa, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Twasema marudio yake ni hezi 110. Lakini uzi haufanyi mtetemo huo mmoja tu. Wakati huohuo hutetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake na kuendelea, na hivyo hutoa pia hezi 220, 330, 440, 550 na zaidi. Mitetemo hiyo ambayo marudio yake ni mara mbili, mara tatu au mara nne ya ule wa msingi huitwa hamoniki. Sikio haliisikii mmoja mmoja. Huijumlisha yote na kuiita "rangi" ya sauti. Ndiyo maana gitaa na filimbi zikitoa nota moja bado twazitofautisha.

Utando wa ilimba huongeza hamoniki za juu ambazo ndimi peke yake hazina kwa wingi. Wagogo wamezoea sana kuzisikiliza hamoniki. Watafiti wa muziki, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria, wameonyesha kwamba mpangilio wa sauti katika nyimbo za Kigogo unajengeka juu yake. Ilimba yenyewe imekwisha kukutana na gitaa la umeme: mwaka 2002 ilitolewa albamu ya Assembly, ambamo marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, alishirikiana na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook.

Katika gitaa la umeme kazi ya utando hufanywa na amplifaya. Valvu, ambayo ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, hukuza umeme wa gitaa, lakini ina mpaka wake. Ikilazimishwa kupita mpaka huo, haiwezi tena kuinua kilele cha wimbi, nalo wimbi hutoka likiwa limekatwa kichwa na miguu. Wahandisi wa mwanzo waliona jambo hili kuwa kasoro. Wapiga gitaa waliligeuza kuwa pambo, kama alivyofanya fundi wa ilimba.

Mwalimu anaweza kulionyesha hili ubaoni. Chora mstari wa saini ya pembe kutoka nyuzi 0 hadi 360. Zidisha kila thamani mara 3, kisha kata kila kinachozidi 1 na kila kinachopungua chini ya -1. Kwa pembe ya 10 tunapata 0.52. Kwa pembe ya 20 tunapata 1.03, nayo inakatwa kuwa 1. Kutoka hapo hadi pembe ya 160 mstari unakuwa bapa. Kadiri tunavyozidisha kwa namba kubwa zaidi, ndivyo wimbi linavyokaribia umbo la mraba. Hisabati inatuambia kwamba wimbi la mraba lina hamoniki witiri tu: ya 3 ikiwa na kimo cha 1/3 cha ule mtetemo wa msingi, ya 5 kimo cha 1/5, ya 7 kimo cha 1/7, na kuendelea bila kikomo. Maneno haya "bila kikomo" tuyakumbuke, kwa maana ndiyo yanayozaa ugonjwa wa viigaji vya zamani.

Sauti kuwa tarakimu

Kiigaji hakina valvu. Kina kompyuta ndogo inayopima umeme wa gitaa mara nyingi kwa sekunde, kwa kawaida mara 48,000. Kila kipimo huitwa sampuli. Kompyuta huzifanyia sampuli hizo hesabu za kukuza, kukata na kuchuja, kisha tarakimu zinazopatikana hurudishwa kuwa umeme na kupelekwa kwenye spika.

Je, vipimo 48,000 vinatosha? Kanuni inayohusika ilichunguzwa na Harry Nyquist mwaka 1928 na kuthibitishwa na Claude Shannon mwaka 1949. Inasema kwamba marudio yanayoweza kuandikwa kwa usahihi ni yale tu yaliyo chini ya nusu ya idadi ya sampuli. Kwa sampuli 48,000 mpaka ni hezi 24,000. Sikio la kijana husikia hadi karibu hezi 20,000 tu. Kwa hiyo ingeonekana kwamba hakuna tatizo.

Tatizo huanza pale programu inapolikata wimbi. Kukata huzaa hamoniki zisizo na kikomo, nazo huzaliwa ndani ya kompyuta yenyewe, zikipita mpaka wa 24,000. Hamoniki iliyopita mpaka haipotei. Hujikunja na kurudi chini ikiwa na marudio mengine. Wasomaji wamekwisha kuona jambo kama hili katika sinema: gurudumu la gari linalokwenda mbele huonekana likizunguka kinyumenyume, kwa sababu kamera hupiga picha chache mno kulinganisha na kasi ya gurudumu. Picha hazisemi uongo, ila hazitoshi.

Tufanye hesabu. Mpigaji anabana uzi wa kwanza karibu na mwisho wa shingo ya gitaa na kutoa nota ya hezi 1,100. Hamoniki yake ya 43 ni 43 × 1,100, yaani hezi 47,300. Imepita mpaka, kwa hiyo itajikunja na kusikika kwenye 48,000 - 47,300, yaani hezi 700. Hezi 700 ni chini ya nota iliyopigwa, wala haipatani nayo. Ni sauti ngeni. Kama ukataji ni wa mraba kamili, kimo chake ni 1/43 cha nota ya msingi: kidogo, lakini sikio lililozoea muziki hulinasa.

Kuna njia rahisi ya kuifichua. Mpigaji avute uzi kidogo ili nota ipande kutoka hezi 1,100 hadi 1,110. Hamoniki ya 43 sasa ni 47,730, na sauti ngeni inashuka kutoka hezi 700 hadi 270. Nota inapanda huku mnong'ono ulio chini yake unateremka. Katika amplifaya ya valvu jambo hilo halitokei kamwe, kwa kuwa hamoniki za kweli hupanda pamoja na nota yake.

Vizazi vipya vilifanya nini

Roland VG-8 ya mwaka 1995 na Line 6 POD ya mwaka 1998 ni miongoni mwa vyombo vilivyoitambulisha njia hii kwa wapigaji wengi. Baadaye vikaja vingine vyenye uwezo mkubwa zaidi, kama Helix ya mwaka 2015 na Axe-Fx III ya mwaka 2018. Majina ni mengi, lakini nguvu ya hesabu iliyoongezeka imetumika hasa katika mambo matatu.

La kwanza ni kuzidisha sampuli. Kabla ya kukata wimbi, programu huongeza idadi ya sampuli, tuseme mara 8, hadi 384,000 kwa sekunde. Baada ya kukata, huchuja yote yaliyo juu ya hezi 24,000, kisha hurudi kwenye 48,000. Turudie hesabu yetu. Sasa hamoniki ya 43 iko chini ya mpaka mpya wa 192,000. Haijikunji, na kichujio kinaiondoa. Hamoniki inayoweza kujikunja hadi chini ya nota yetu ni ya 349, ambayo ni hezi 383,900 na hurudi kwenye hezi 100. Lakini kimo chake ni 1/349. Sauti ngeni imepungua ukubwa takriban mara nane. Hata hivyo kompyuta imelazimika kufanya hesabu ya kukata mara nane zaidi ndani ya sekunde ileile. Hiyo ndiyo gharama ambayo kompyuta za viigaji vya kwanza hazikuimudu vyema.

La pili ni kuiga sehemu za amplifaya jinsi zinavyoathiriana. Programu za kwanza zilizitenga: kichujio, kisha ukataji, kisha kichujio kingine. Amplifaya halisi haiko hivyo. Mpigaji akipiga nyuzi zote kwa nguvu, valvu za mwisho huvuta mkondo mwingi, volti za ugavi hushuka kidogo, sauti hulegea, kisha volti zinapanda tena na sauti inachanua. Kuiga mwendo huo kunahitaji kutatua milinganyo inayotegemeana, na kurudia hesabu hadi jibu litulie, katika kila sampuli. Sampuli moja ina muda wa sekunde 1/48,000 tu, yaani sehemu 21 hivi za milioni za sekunde.

La tatu ni kujifunza kutoka amplifaya yenyewe. Kemper Profiler, iliyotokea mwanzoni mwa miaka ya 2010, hupeleka sauti za majaribio ndani ya amplifaya halisi, ikasikiliza zinavyotoka, na kutengeneza nakala ya tabia yake. Quad Cortex ya kampuni ya Neural DSP, ya mwanzoni mwa miaka ya 2020, hutumia mitandao ya neva ya kompyuta kwa kazi kama hiyo: programu hulinganisha kilichoingia na kilichotoka, na kujirekebisha mara nyingi mpaka kosa lipungue. Ipo pia programu huria iitwayo Neural Amp Modeler, inayofanya kazi katika kompyuta ya kawaida. Shule yenye kompyuta nzuri na kifaa cha kuingizia sauti inaweza kuitumia bila kununua kisanduku chochote.

Jambo la ucheleweshaji

Wauzaji hutaja pia kwamba chombo kipya hakicheleweshi sauti. Hapa tuwe na kiasi. Ucheleweshaji wa sampuli 128 ni 128 ÷ 48,000, yaani milisekunde 2.7. Sauti husafiri hewani mita 345 hivi kwa sekunde katika hali ya joto la kawaida. Katika milisekunde 2.7 husafiri sentimita 93 hivi. Kwa hiyo ucheleweshaji huo ni sawa na kusogea mbali na spika kwa hatua moja. Mpiga gitaa anayesimama mita 3 kutoka spika yake huipata sauti baada ya karibu milisekunde 9, wala halalamiki. Akipunguziwa milisekunde 1 kwa gharama ya ng'ombe mmoja, amenunua kitu ambacho angekipata bure kwa kusogea sentimita 35.

Funzo la Kongwa

Sasa turudi kwa mhazini. Kongwa ni mahali pafaapo kuuliza swali lake, kwa kuwa ardhi yake iliwahi kupokea mitambo mingi mipya bila swali hilo kujibiwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Mpango ulihusu zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Yaliletwa matrekta na matingatinga, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ujumbe uliopendekeza mradi ulikuwa umetembelea maeneo hayo kwa majuma machache tu. Udongo wa Kongwa ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mizizi ya vichaka ilivunja majembe, na mvua haikufika kwa kiasi kilichotarajiwa. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Nguvu ya mitambo haikuwa neno. Matatizo yalikuwa ya mvua na udongo, na trekta halileti mvua. Vivyo hivyo kiigaji kipya kinatibu magonjwa maalumu: sauti ngeni zinazojikunja, na ulegevu wa kuiga amplifaya inapolazimishwa. Magonjwa hayo huonekana zaidi pale wimbi linapokatwa kwa nguvu. Mpigaji wa mtindo wa dansi au wa kwaya, ambaye gitaa lake huimba kwa sauti safi, hukata wimbi kidogo sana. Basi hamoniki zinazopita mpaka ni hafifu, na kiigaji chake cha zamani kinakaribia sana kile kipya. Anayepiga kwa mvumo mzito, au anayependa kucheza palepale ambapo sauti huanza kukwaruza, atafaidika zaidi.

Pia yapo magonjwa ambayo kiigaji chochote hakiyatibu: spika iliyochanika, nyuzi zilizoshika kutu, waya uliolegea, na umeme unaoshuka na kupanda. Kwa kwaya nyingi fedha kidogo zikitumika katika spika na nyaya zitaleta mabadiliko makubwa kuliko kizazi kimoja cha hesabu.

Jaribio la kulinganisha

Kabla ya kununua, kwaya iazime chombo kipya kwa siku moja na kufanya yafuatayo.

1. Unganisheni vyombo vyote viwili kwenye spika ileile, na msawazishe kiasi cha sauti. Tumieni kipimo cha desibeli. Simu nyingi zina programu ya namna hiyo. Hatua hii isirukwe, kwa sababu sauti iliyo kubwa kidogo tu husikika kama iliyo bora.

2. Mtu mmoja akae nyuma ya pazia na kuchagua chombo kwa kurusha sarafu. Mpigaji apige kipande kilekile mara 10. Wasikilizaji waandike kila mara ni chombo gani, bila kushauriana.

3. Hesabuni majibu sahihi. Anayebahatisha atapata 5 hivi kati ya 10. Uwezekano wa kupata 9 au 10 kwa kubahatisha ni 11 katika 1,024, yaani karibu asilimia 1. Anayefikia hapo anasikia tofauti kweli.

4. Rudieni kwa sauti safi, kisha kwa sauti ya mvumo. Linganisheni matokeo.

Ikiwa tofauti inasikika tu katika mvumo ambao kwaya haiutumii, mhazini amepata jibu lake. Ikiwa inasikika katika nyimbo zenu wenyewe, mpiga gitaa naye ana hoja ya haki, wala asiitwe mpenda anasa. Kusikia tofauti peke yake hakusemi kipi ni bora, lakini asiyeweza kuisikia hana sababu ya kuilipia.

Maswali

1. Kiigaji kinachukua sampuli 44,100 kwa sekunde. Nota ni ya hezi 1,300. Hamoniki ya 33 itasikika kwenye marudio gani? Je, inapatana na nota?

2. Ucheleweshaji wa sampuli 192, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde ngapi? Ni sawa na umbali gani hewani?

3. Spika inanguruma hata kiigaji kikiwa kimechomolewa. Je, kiigaji kipya kitaondoa mngurumo?

4. Funika tundu la kopo kwa karatasi nyembamba au ganda la kitunguu, kisha uimbe ndani yake. Eleza, kwa kutumia neno hamoniki, kwa nini sauti yako imebadilika ingawa nota ni ileile.

Majibu

1. 33 × 1,300 = 42,900; 44,100 - 42,900 = hezi 1,200. Haipatani na nota, kwani si kizidisho cha 1,300. 2. Milisekunde 4, mita 1.38. 3. Hapana, kasoro iko mbele ya kiigaji, katika spika au umeme wake. 4. Utando hutetemeka kwa mikato na kuongeza hamoniki za juu. Mtetemo wa msingi haukubadilika. Umefanya yale ayafanyayo fundi wa ilimba.